Bushi za Fundi Sufuria

Waliniita Fundi Sufuria. Waliodhani wananitukana nawaambia leo, maana baadhi yao wangali hai na wananisalimia vizuri tu: jina lile nililipenda. Nilipita nalo sokoni Lindi kichwa juu. Niliyeyusha alumini kwa mkaa, nikaitia kwenye mashine ya serikali, na mashine ikasaga. Sasa mtu wa namna hiyo aitwe nani, Bibi Harusi?

Mimi ni mzaliwa wa Mtanda, pale pale mjini. Baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, alinipeleka mimi karakana. Mama alilia. Majirani wakasema huyu atakosa mume. Nilijua kushika tupa kabla sijajua kusuka ukili, na mume nikampata, tena mtu mtulivu, mkulima wa korosho wa upande wa Rutamba. Hajapata kuniambia niache spana hata siku moja. Alichonikataza ni kumpa mkono kwa nguvu mbele za watu, eti namwaibisha.

Miaka ile ya ujamaa tulihamia kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari, na serikali ikatuletea mashine ya kusaga: injini ya dizeli, ukanda mrefu, na kinu chenye mawe mawili. Siku ilipowashwa wanawake walipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbilia mihogoni. Mamkwe wangu hakupiga. Alisimama akiutazama unga unavyomwagika, mkono wa kushoto umeshika bega la kulia.

Bega lile lilikuwa limekwisha. Alitwanga tangu utotoni, mahindi na makopa, akawatwangia waume wawili na watoto saba, na sasa mkono ulikuwa haupandi kupita sikio. Hata gauni alivalishwa. Nilipoolewa niliuchukua mimi mchi, lakini mimba yangu ya pili ikaanza kutoka damu, na mganga wa zahanati akanikataza kutwanga, hata baada ya kujifungua. Mamkwe akaurudia mchi bila kuambiwa na mtu. Nilikuwa nalala kitandani namsikia uani akitwanga kwa mkono mmoja na nusu, akiguna kila pigo. Wallahi, ile sauti ya kuguna sijaisahau. Mashine ilipokuja akauegemeza mchi ukutani na mimi nikamshukuru Mungu.

Mashine ikafanya kazi msimu mmoja. Ikaanza kutetemeka, ikaanza kupiga kelele, mwenyekiti wa kijiji akaizima akaniita. Nilipoifungua niliona mara moja. Shafti ya kinu huzunguka ndani ya bushi mbili, moja huku na moja huku, vipete vya madini laini vinavyoishikilia. Bushi ndizo zinazotakiwa kulika ili shafti isilike. Zetu zilikuwa zimelika zikaisha, zimebaki vijisahani.

Mwenyekiti akaandika barua wilayani. Jibu likaja: spea hazipo, subirini. Tukasubiri. Barua ya pili ikasema mkaguzi wa mitambo atapita baada ya mavuno, na akiikuta mashine imesimama itapakiwa kwenye lori ipelekwe Mtama, kwa watu wanaoweza kuitunza. Wanaoweza kuitunza! Nilipandwa na hasira nikaitaka barua niisome mwenyewe, nikidhani mwenyekiti ameikosea. Hakuikosea. Niliporudi nyumbani mchi ulikuwa haupo ukutani, na uani nikasikia lile guno.

Nikamwambia mume wangu, "Mashine haiendi Mtama. Nitayeyusha madini nisubu bushi mwenyewe."

"Kwa madini gani?"

"Yoyote."

Habari zikaenea, na wanawake wakaniletea sufuria zao zilizotoboka. Ndipo jina lilipozaliwa. Wanaume waliokaa barazani wakicheza bao walikuwa wakiniona nimebeba rundo la sufuria kichwani, wanauliza, "Fundi, leo tunapika nini?" Nami nawajibu, "Ulimi wako. Utoe nje vizuri nipime urefu."

Baba alinifundisha jambo moja ambalo naliheshimu kuliko vyeti: usijaribie kwenye mashine ya watu. Jaribia kwenye takataka kwanza. Kwa hiyo nilichukua baiskeli ya mume wangu, nikaipindua chini juu, nikavua tairi la nyuma. Ukanda wa mpira nikaupitisha kwenye rimu mpaka kwenye kipande cha shafti kuukuu nilichokilaza juu ya magogo mawili. Ukizungusha pedeli, kipande kile kinazunguka mbio. Juu yake naweka kibamba cha madini ninayoyajaribu, tone la oili, na juu ya kibamba nalaza mti mzito, ncha moja imefungwa kwenye kigingi, nyingine inaning'iniza kikapu cha mawe. Hapo kibamba kinakandamizwa kwenye chuma kama vile kiko ndani ya kinu.

Mti mzito ulionyooka, mgumu, usiopinda, nyumbani kwetu ulikuwa mmoja tu.

"Mama, niazime mchi wako."

Mamkwe aliukung'uta mchi unga. "Chukua," akasema. "Lakini mashine yako isipopona naurudia. Na usinirudishie vipande."

Alifanya zaidi ya kuuazima. Alikaa kando yangu na vibakuli viwili, na kila nikimaliza mizunguko kumi ya pedeli anahamisha punje moja ya mbaazi kutoka bakuli hili kwenda lile. Nikimaliza, napitisha pamba ya sufi juu ya chuma. Chuma kikiwa laini, sufi inateleza. Kikiwa kimeumia, inanasa. Kucha inadanganya, macho yanadanganya, sufi haidanganyi.

Sufuria zilishindwa. Punje nne hazikufika, kibamba kikapiga yowe, pedeli ikakaza, ukanda ukanuka. Nilipokiinua kibamba nilikuta kimechanika uso, na alumini imejibandika kwenye chuma, vibonge vibonge, na kila kibonge kimechimba kilichobaki. Alumini ya namna ile ikiguswa na chuma kwa uzito inang'ata, na ikishang'ata haiachii. Ningeitia ndani ya kinu ingeiua shafti yenyewe, na shafti ikifa hakuna cha kuokoa. Nikawarudia wanawake nikawaambia ukweli. Mmoja akasema, "Basi nirudishie sufuria yangu." Nikamwonyesha kibonge. Akasema, "Haya, kaa nayo."

Nikajaribu pistoni za lori bovu lililoachwa na kampuni ya mkonge. Hiyo ni alumini ngumu zaidi. Ikafika punje kumi na tano, kisha ikang'ata nayo. Nikapanda gari kwenda Mtanda.

Baba alikuwa amezeeka, anakaa kibarazani na redio yake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla sijamaliza kusimulia akasema, "Alumini peke yake ina kiburi. Itie kitu laini." Akainuka akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha vijiti vya lehemu alivyoviweka tangu enzi za mkoloni. Akanipa vyote. Hakuuliza kama nitavirudisha.

Nikayeyusha pistoni, nikatia lehemu, nikakoroga kwa chuma chekundu mpaka mkono ukachubuka, nikamimina kwenye kalibu ya udongo wa kichuguu. Kibamba kile kikafika punje hamsini! Mizunguko mia tano na pedeli bado laini. Nikapitisha sufi, ikateleza. Uso wa kibamba ulikuwa umegeuka rangi, umekuwa wa kijivu cha kufifia, hauna hata chembe ya mng'aro. Sikujali rangi. Nilimrukia mamkwe nikambusu, akanisukuma akisema mtu wa pwani hana haya.

Nikakiweka kibamba dirishani nirudie kesho yake, kwa sababu jambo likitokea mara moja si jambo. Kesho yake kikang'ata punje ya tano.

Kile kile! Nikasema oili ni mbaya. Nikasubu kingine. Siku ya kwanza, punje hamsini. Siku ya pili, yowe. Nikasubu cha tatu, vile vile. Nikaulaumu ukanda, nikailaumu baiskeli, nikamlaumu mume wangu kwa kuwa na baiskeli ya namna ile. Mahindi yalikuwa yanakauka shambani, mkaguzi hana siku nyingi, na kila asubuhi mamkwe anautoa mchi kwenye mtambo wangu, anatwanga, anaurudisha. Nilikaa kwenye gogo nikalia kwa sauti. Sikulia kwa huzuni, nililia kwa uchungu wa kushindwa na kipande cha bati.

Siku ya nne nilitoka kwenda kisimani, nikasahau kata, nikarudi. Nikamkuta mamkwe amekaa kwenye kibao anaosha vyombo. Mkononi ana kumbi la nazi, majivu na mchanga, na anasugua kibamba changu. Anasugua kwa mkono wa kushoto, kwa bidii, mpaka kinamulika.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nakusaidia," akasema. "Kila jioni navikuta vimefubaa, naona aibu. Watu wanapita wanaviona dirishani. Nyumba hii alumini hailali chafu."

Aliyeolewa miaka ile atanielewa, na wanawake wa kwetu wote watanielewa. Mwali aliletwa kwa mumewe, na kitu cha kwanza kutazamwa uchanjani kilikuwa matako ya sufuria zake. Zikimulika, umelelewa. Zikiwa nyeusi, mama yako ametukanwa. Mamkwe alikuwa analinda heshima yangu. Nami, Mungu anisamehe, nikamfokea. Nikamwambia amenipotezea siku nne, amenirudisha nyuma, ndiye atakayeipeleka mashine Mtama kwa mkono wake. Sijawahi kumpandishia sauti kabla ya siku ile wala baada yake.

Hakujibu kwa hasira. Alikifuta maji kibamba, akanipa. "Kama kosa ni langu, basi ni dogo, mimi nipo hapa hapa, nitaacha kusugua," akasema. "Unasimama unalia nini? Jaribu."

Nikajaribu. Nilisubu vibamba vitatu vipya, nikavizungusha mpaka vikawa vya kijivu. Kimoja nikakisugua kwa mchanga kama alivyofanya yeye. Cha pili nikakisugua kwa jivu laini peke yake na kitambaa, kisha nikakiosha kwa mafuta ya taa mara tatu, nihakikishe hakuna chembe iliyobaki, maana nilishuku mchanga. Cha tatu sikukigusa. Cha mchanga kiling'ata. Cha jivu, safi, kinachomulika, kiling'ata vile vile. Cha kijivu kilizunguka mpaka mbaazi zikaisha, tukaanza kuzirudisha bakuli la kwanza.

Basi ule ufifi haukuwa uchafu. Ulikuwa ngozi. Ile lehemu laini ilikuwa inajipaka juu polepole, inachanganyika na oili, inaifunika alumini isikutane na chuma uso kwa uso. Ukiisugua unaivua nguo, inabaki uchi na kiburi chake. Wenye vyuo wana jina lake, mimi sikuwa nalo. Nilimshika mamkwe mikono nikamwomba radhi, akasema, "Nimekusamehe. Lakini vitoe dirishani, viweke uvunguni."

Nikasubu bushi mbili. Nikapaka masizi kwenye shafti, nikaizungusha ndani ya bushi, nikakwangua kwa kisu kila palipochafuka, nikarudia siku nzima mpaka zikakaa sawasawa. Kisha nikawasha mashine bila mahindi, polepole, kitambo asubuhi na kitambo jioni, siku tatu. Watu wakauliza unasaga upepo? Nikasema ndiyo, leteni magunia. Siku ya tatu nilifungua nikachungulia. Ngozi ya kijivu, pande zote mbili.

Mkaguzi akafika na lori. Alikuja na lori kabisa, na kamba za kufungia! Kijana wa suti ya mikono mifupi, kalamu tatu mfukoni, umri wangu au chini yangu. Kijiji kizima kikakusanyika. Nikaiwasha mashine, ikanguruma vizuri. Akaitazama, akaniangalia mimi na kanga yangu, akamuuliza mwenyekiti, "Hii imetengenezwa na nani?"

"Na huyu hapa."

"Kwa spea zipi?"

"Pistoni na lehemu," nikasema.

"Sufuria," mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na watu wakacheka, naye mkaguzi akacheka. Akaamuru izimwe ifunguliwe. Nikaifungua. Akainama, akapitisha kidole ndani ya bushi, akakiinua kimekuwa cha kijivu ili wote wakione.

"Uchafu," akasema. "Imeanza kuoza tayari. Bushi ya kweli inang'aa." Akaingiza mkono mfukoni akatoa kipande cha msasa. "Tuisafishe kwanza, ndipo tuone kama inaweza kazi."

Nilijua kitakachotokea. Angeisugua, angeiwasha, ingeng'ata mbele ya macho ya watu wote, shafti ingekufa, na lori lilikuwa pale pale. Nikasimama kati yake na kinu.

"Hapana."

"Unasemaje?"

"Nasema hapana. Msasa hauingii humo."

Mwenyekiti akanivuta kanga. Mkaguzi akasema taratibu, kwa sauti ya kuogofya watu, "Mama, unapinga serikali?"

"Sipingi serikali. Napinga msasa." "Ninavyo vibamba viwili vya madini haya haya. Vyote vina huo uchafu unaousema. Kimoja kisugue kwa mkono wako, ukioshe kwa mafuta ya taa, king'ae unavyotaka. Kingine kiache. Twende kwangu ukavijaribu mwenyewe. Chako kikishinda, nakupakilia mashine kwa mikono yangu na kamba nafunga mimi."

Watu wakasema haya, haya! Angekataa angeonekana ameogopa baiskeli. Tukaandamana mpaka uani kwangu, kijiji kizima nyuma. Mkaguzi akasugua kibamba chake mpaka kikamulika jua, akakiosha, akakikagua, akaridhika. Kisha akatafuta mtu wa kuzungusha.

"Zungusha wewe," nikasema. "Nisije nikasingiziwa."

Akachuchumaa na suti yake akashika pedeli. Mamkwe akakaa na vibakuli vyake, amenyooka kama yuko mbele ya kadhi. Kibamba cha kijivu kwanza. Alizungusha punje ishirini, jasho likamlowesha mgongo, nikampitishia sufi juu ya chuma, ikateleza. "Endelea au inatosha?" Akasema inatosha. Tukaweka chake. Punje ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kikapiga yowe. Akakaza meno akaongeza nguvu, bwana mkubwa, akidhani ni suala la misuli. Ukanda ukanuka, pedeli ikagoma, naye akakaa chini kwa matako kwenye maganda ya mihogo. Hoo! Wanawake walivyopiga vigelegele, nilidhani wataniua kwa furaha.

Niliinua mchi nikamwonyesha vibonge kwenye chuma. Alivigusa, akapitisha sufi mwenyewe, ikanasa. Lazima niseme haki yake: alirudia mara mbili, na uso wake haukuwa tena wa dharau. Lakini mkono ulikuwa bado wa ofisi. Akafungua daftari akaandika, na mwenyekiti akatusomea kwa sauti: mashine inafanya kazi, kwa muda.

"Kwa muda gani?" nikauliza.

"Kwa muda," akasema. "Mpaka spea za kweli zipatikane. Vitu vya kienyeji havikai."

Lori likaondoka tupu. Nilipaswa kufurahi, lakini yale maneno mawili yaliniuma. Nilifunga kinu, nikawasha, nikasaga debe la kwanza, la mamkwe, kisha nikabaki nikisaga ya wengine mpaka jua likapoa. Kwa muda. Nilikuwa nasikiliza kila mlio nikitafuta kosa. Nilijiona kesho au keshokutwa nasikia tena lile guno uani.

Niliporudi nyumbani moshi ulikuwa unapanda jikoni na shoka limelala mlangoni. Mtambo wangu wa baiskeli ulikuwa umelegea, kikapu cha mawe kipo chini. Mamkwe alikuwa ameinamia mafigani anasonga ugali wa unga wa mashine kwa mkono wa kushoto. Chini ya sufuria, kati ya mafiga matatu, vipande vya mti mgumu, mweusi kwa miaka ya mikono, vilikuwa vinawaka vizuri.

"Mama," nikasema. "Huo si mchi?"

"Ndio."

"Na mashine ikifa?"

Hakugeuka. Aliukoleza moto, akakisukuma kipande kimoja ndani kwa mguu.

"Ikifa utanitwangia kwa meno," akasema. "Nawa mikono, ule."